Njia ya Mishipa ya Macho na Ubaya wa Kufuata bila ya Dalili

Mwenyezi Mungu ametutaka tutazame alama zake zilizomo ulimwenguni na zilizomo ndani ya nafsi zetu. Kutazama huko si kushangaa tu, bali ni kuchunguza na kutafuta yakini. Katika somo letu la leo twataka kueleza habari ya mishipa ya fahamu itokayo machoni kwenda ubongoni, na jinsi njia yake ilivyojulikana, kwani mna mafunzo ndani yake kwa kila mwenye kupenda haki.

Jalinusi, tabibu wa Kiyunani wa karne ya 2, alikuwa hodari wa kupasua wanyama. Alipoikata mishipa midogo ya fahamu shingoni mwa nguruwe aliyekuwa akipiga kelele, mnyama yule alinyamaza papo hapo. Hilo alilishuhudia kwa macho yake. Lakini alisema pia ya kwamba mshipa wa jicho una tundu ndani kama mrija, na kwamba roho ya kuonea hupita humo. Watu wakaipokea kauli hiyo kwa zaidi ya miaka elfu moja.

Ibnul-Haitham, mwanachuoni wetu aliyezaliwa Basra yapata mwaka 965, ndiye aliyeibomoa kwa hoja ile itikadi ya kale kwamba jicho hutoa miale yake ili lione. Tena aliwaonya wanaotafuta haki wasiyaamini maneno ya waliotangulia kwa ukubwa wa majina yao. Juu ya hayo, katika habari ya tundu la mshipa aliyachukua maneno ya matabibu wa kabla yake. Hatusemi haya kwa kumvunjia heshima. Twasema ili ijulikane kuwa hata mkubwa huteleza pale anapopokea asilolitazama. Mwaka 1543 Andreas Vesalius, aliyepasua kwa mkono wake mwenyewe, aliandika kuwa tundu hilo hakuliona.

Je, njia yenyewe ilifuatwaje? Mshipa wa jicho moja una nyuzi zipatazo milioni moja, wala jicho tupu haliwezi kuzitenga. Mwaka 1850 Augustus Waller alibainisha kuwa uzi ukikatwa, kipande kilichotengwa na seli yake huharibika. Basi wachunguzi wakawa wakifuata nyuzi zilizoharibika mpaka kuona zinakoishia. Mwaka 1873 Mtaliana Camillo Golgi alivumbua dawa ya fedha inayotia weusi seli chache tu, zikaonekana wazi pamoja na matawi yake. Yeye alidhani nyuzi zote zimeungana kama wavu. Lakini Mhispania Santiago Ramón y Cajal, akitumia dawa ile ile, alieleza mwaka 1888 kuwa kila seli imesimama peke yake. Mwaka 1906 wote wawili walipewa tunzo moja ya Nobel, na Golgi akasimama kuitetea rai yake. Katika miaka ya 1950 hadubini ya elektroni ikaonyesha nafasi ndogo iliyo baina ya seli na seli. Hivyo mwenye kuvumbua chombo siye aliyepata haki. Haki ilikuwa kwa mwenye dalili.

Asidhani msomaji kuwa elimu hii haina faida nyumbani kwake. Mishipa ya macho mawili hukutana chini ya ubongo. Hapo nyuzi zitokazo upande wa pua huvuka, na zile za upande wa sikio hubaki upande wake. Kwa sababu hiyo, vitu vyote vilivyo upande wa kulia wa mtu, kwa kila jicho, habari yake hufika ubongo wa kushoto. Kiharusi kikipiga sehemu hiyo ya kushoto, mtu hupoteza nusu ya kulia katika macho yote mawili. Huwa akijigonga mlangoni, wala hamwoni aliyeketi kuliani kwake, hali macho yake ni mazima.

Na sisi hufanya nini? Jamaa husema, "Huyu ana pepo." Hupigwa ngoma, huvukizwa ubani, huandikwa talasimu, na saa ambazo dawa ingefaa hupita. Ndugu zetu, mtu akipotewa na kuona kwa ghafula, au uso ukaenda upande, au mkono ukalegea, au ulimi ukawa mzito, apelekwe hospitali saa ile ile. Dua na aombewe, lakini dua haimzuii mtu kufuata sababu alizoziweka Mola wake.

Qur'ani imewalaumu waliotosheka na kufuata waliyowakuta nayo baba zao. Basi na tuogope tusiwe miongoni mwao, katika dini yetu wala katika miili yetu tuliyopewa amana. Twamwomba Mwenyezi Mungu atuonyeshe haki kuwa ni haki, na aturuzuku kuifuata.