Mpini Unaokaa Mkononi: Maswali na Majibu Kuhusu Vifaa vya Kukatia Kinyama

Njia waliyopita wapagazi wa Kinyamwezi kati ya Bagamoyo, Unyanyembe na Ujiji bado ina safari zake. Siku hizi wanaoipita ni pamoja na wagonjwa wanaofuata vipimo, na vichupa vinavyofuata maabara. Mama wa Kaliua au Sikonge aliyekutwa na doa kwenye shingo ya kizazi hufika Tabora mjini akatwe kinyama cha kupimwa. Kinyama hicho kikihitaji maabara kubwa kama ya hospitali ya Bugando, Mwanza, kinasafiri zaidi ya kilomita 300 kikiwa kwenye fomalini. Kikionekana kimepondeka, au ni kidogo mno, mama anaitwa tena na safari inaanza upya. Lawama huangukia mkono wa aliyekata. Mhandisi wetu wa vifaa tiba anajibu maswali kuhusu kile ambacho mkono huo ulikuwa umeshika.

Mpini una uhusiano gani na majibu ya kipimo? Si makali ndiyo yanayokata?

Makali yanakata, lakini mpini ndio unaoyafikisha. Koleo la kukatia kinyama kwenye shingo ya kizazi lina urefu wa sentimita 20 au zaidi, na mdomo wake unang'ata milimita chache tu. Mkono uko nje, mdomo uko ndani ya spekulamu, kile kifaa kinachopanua uke. Mpini ukiteleza kidogo kiganjani, mdomo unahama kutoka kwenye lile doa jeupe lililoonyeshwa na siki iliyopakwa, na unang'ata nyama nzima isiyo na ugonjwa.

Kuna jambo la pili. Mpini mgumu kubana unamlazimu mtu akaze vidole kwa nguvu zake zote, na mkono uliokazwa hivyo hutetemeka. Asiyefikia nguvu hiyo hubana polepole, akaitafuna nyama badala ya kuikata mara moja. Seli zilizopondeka hazisomeki kwenye hadubini. Saratani ya shingo ya kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, kwa hiyo tunazungumzia kifaa kinachoshikwa kila wiki, wala si cha kabatini.

Shikamoo mhandisi. Mimi ni muuguzi, mikono yangu ni midogo. Koleo letu likiwa wazi vidole vyangu havifiki vizuri. Je, ni mimi mwenye tatizo?

Marahaba, mwanangu. Tatizo si lako. Kwa miaka mingi wachoraji wa vifaa walitegemea vipimo vya mikono ya wanaume, wengi wao askari wa nchi za Magharibi. Anayeteseka ni yule ambaye hakupimwa.

Chukua rula. Fungua koleo, pima nafasi kati ya mipini yake miwili pale kidole chako cha kati kinapokaa. Mwongozo wa NIOSH, taasisi ya Marekani inayoshughulikia usalama kazini, unasema kifaa cha kubana kwa nguvu kisizidi milimita 89 kikiwa wazi, wala kisipungue milimita 51 kikiwa kimefungwa. Kwa kazi ya ustadi isiyotaka nguvu nyingi, ni milimita 76 na 25. Koleo lako likipita hapo, andika kipimo hicho na ukipeleke kwa wanaoagiza vifaa. Namba husikilizwa kuliko malalamiko.

Wakati ukisubiri, angalia kifundo cha mkono. Kikikunjwa, vidole hupoteza nguvu nyingi. Pandisha kitanda au shusha kiti mpaka kifundo kinyooke, utaona koleo lilelile limekuwa jepesi.

Kwa nini kila kifaa kina mpini wa namna yake? Wasingetengeneza wa aina moja?

Mwaka 1956 daktari Mwingereza John Napier aliandika kwamba mkono wa binadamu una mishiko miwili mikuu. Upo mshiko wa nguvu, kitu kikibanwa kati ya vidole na kiganja, na upo mshiko wa ustadi, kikishikwa kwa ncha za vidole na gumba. Napier huyohuyo aliichunguza mifupa ya mkono iliyofukuliwa Olduvai mwaka 1960, na mwaka 1964, pamoja na Louis Leakey na Phillip Tobias, wakampa mwenye mkono huo jina la Homo habilis. Kwa hiyo somo hili lilikwishapita nchini kwetu.

Vifaa vya kukatia kinyama vinatumia mishiko yote miwili. Sindano ya uboho, aina inayoitwa kwa jina la Khosrow Jamshidi, inapenya mfupa wa nyonga kwa kusukumwa huku ikizungushwa kushoto na kulia. Inataka nguvu, ndiyo maana mpini wake ni wa mkingamo na kichwa chake kinapaswa kuwa kipana na cha mviringo. Kichwa chembamba huchimba katikati ya kiganja, na baada ya wagonjwa wachache daktari anatafuta namna ya kukwepa maumivu yake mwenyewe.

Panchi, kifaa cha kutoboa kipande cha ngozi, ni kinyume chake. Inashikwa kwa ncha za vidole, na unene wa milimita 6 hadi 13 unatosha. Sindano nyembamba ya kunyonya seli kwenye uvimbe wa titi ina shida nyingine: mkono mmoja umeushika uvimbe usikimbie, na mkono uliobaki lazima uelekeze sindano na kuvuta bomba kwa wakati mmoja. Kishikio cha umbo la bastola kinachobeba bomba la sindano kilibuniwa kwa ajili ya hilo.

Mistari ya kwenye mpini ni urembo tu?

Ikichorwa vibaya, ndiyo. Mistari inatakiwa ikingame na upande ambao mpini unataka kutelezea. Panchi inazungushwa, kwa hiyo mistari yake ipite kwa urefu. Kifaa kinachosukumwa na kuvutwa kinataka pete zinazozunguka mpini, na mbele kabisa kiwe na ukingo wa kuzuia vidole visitelezee kwenye ncha. Mistari isiwe na kina kirefu wala pembe kali, maana damu hujificha humo na brashi haifiki.

Kifaa cha kukatia kinyama kwa springi kinanitisha. Kinaweza kufyatuka chenyewe?

Kikiwa kimechorwa vibaya, kinaweza kufyatuliwa bila kukusudia, na hilo halina tofauti kwa aliyechomwa. Mbinu hii ilielezwa na P. G. Lindgren wa Sweden mwaka 1982. Springi hurusha sindano ya ndani yenye kijimfereji, kisha ala ya nje huifuata na kukata nyama iliyoingia kwenye mfereji huo. Yote hutokea kufumba na kufumbua.

Mpini salama una mambo manne. Kitufe cha kufyatulia kisikae mahali ambapo mkono unabana wakati wa kuvuta springi. Pawe na kifungio. Pawe na alama inayoonekana, au kupapaswa kwa gumba, kuonyesha kwamba springi imevutwa. Na umbo lake likuongoze kukaa nyuma ya sindano wakati wote. Kujichoma na sindano yenye damu ni hatari ya virusi vya Ukimwi na ya homa ya ini B, kwa hiyo mpini huu unamlinda muuguzi kama unavyomlinda mgonjwa.

Usisahau mlio. Kifaa kinapofyatuka hutoa mlio mkali, na mgonjwa ambaye hakuambiwa hushtuka. Kifyatue mara moja hewani kabla ya kuanza, ausikie.

Kwetu tunafunga plasta kwenye mpini ili usiteleze. Kuna ubaya?

Upo. Plasta inanyonya damu, na mvuke wa kutakasia haupenyi vizuri chini yake. Mgonjwa wa pili anapokea kilichoachwa na wa kwanza. Iondoe leo.

Lakini plasta hiyo ni ushahidi kwamba mpini haufai, na muuguzi aliyeifunga alikuwa ameshaligundua tatizo. Angalieni kwanza glavu: kubwa kuliko mkono hujikunja na kuteleza, hasa joto la Septemba na Oktoba linapojaza jasho ndani yake. Ikibidi, zungusha kipande cha gozi kilichotakaswa, kisha kitupwe baada ya mgonjwa huyo mmoja.

Mimi ni seremala Urambo. Nina mninga mkavu na mkurungu. Siwezi kuchonga mipini hiyo?

Kwa kielelezo cha kujaribia, karibu sana. Kwa mgonjwa, hapana.

Enzi za misafara, majembe ya chuma yaliyofuliwa na wahunzi wa Usumbwa na Uzinza yaliuzwa Tabora bila mipini. Mnunuzi alichonga mpini wa kimo chake, akatoboa kichwa na kuchomeka mkia wa jembe, na kila pigo ardhini likazidi kuukaza. Hapo kuna kanuni mbili ambazo mchoraji wa kifaa cha hospitali angefanya vyema kuziiga: mpini umfuate mwenye mkono, na kazi yenyewe ikaze kiungo badala ya kukilegeza.

Tofauti ni kwamba jembe halitakaswi. Tabora iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na maji yake huchemka kwenye nyuzi joto 96 hivi. Kuchemsha hakutoshi kuua vijidudu vyenye ganda. Kifaa lazima kiingie kwenye mashine ya mvuke wa mgandamizo, nyuzi 121 kwa dakika zisizopungua 15, tena na tena. Mbao hunyonya, huvimba, hukauka na kupasuka, na kila ufa ni maficho. Plastiki nyingi za kawaida hupinda. Chuma kisichoshika kutu na silikoni inayostahimili joto vinavumilia, mradi kifaa kifunguke vipande ili bawaba isafishike.

Natumia mkono wa kushoto. Nifanyeje?

Omba kifaa ambacho pande zake mbili zinalingana na kitufe chake kinafikiwa kutoka pande zote. Kifaa chenye tundu la gumba lililopindishwa kwa mkono wa kulia usikizoee kwa nguvu, kitakupotosha shabaha.

Tukitaka kununua, au kubuni cha kwetu, tuanzie wapi?

Anzeni na ulimi wa ng'ombe kutoka buchani. Kwa kujifunzia kukata kinyama, unafaa. Walete watu watatu wenye mikono tofauti: mdogo, mkubwa na mashoto. Wavae glavu, walowanishe kwa maji ya sabuni, kila mmoja akate vipande kadhaa mfululizo. Kisha fanyeni mambo mawili. Tazameni vipande: vyenye kingo safi na ukubwa unaolingana vinausifu mpini. Halafu wavue glavu mtazame viganja: penye alama nyekundu ndipo mpini unapoumiza.

Kwa kubuni, chongeni vielelezo vya mbao vitatu au vinne vya unene tofauti, mviache wodini, na mkaangalie kipi kinachukuliwa kwanza bila kuambiwa. Ofisi ya mkoa ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, ni mahali pazuri pa kuulizia mafundi wa chuma. Ila kifaa kisimguse mgonjwa kabla ya kupita TMDA, mamlaka inayosimamia dawa na vifaa tiba. Na kwenye kamati ya manunuzi awepo angalau mtu mmoja ambaye kesho yake ndiye atakayekishika.