SOMO LA WIKI: Shamba Kiwangwa, kazi ya kompyuta Dar

Somo la wiki hii linamhusu msomaji mwenye ujira wa kompyuta na shamba la wazazi. Watu wa namna hii wameongezeka. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Lakini tangu mkongo wa SEACOM ufike Dar es Salaam, Julai 2009, kijana anaweza kukaa Bagamoyo mjini akamwandikia programu mteja wa ng'ambo, ilimradi umeme usikatike. Na shamba la familia halipo mbali, tuseme Kiwangwa, kwenye barabara ya Bagamoyo–Msata, kwenye mananasi. Je, shamba hilo linalipa, au ujira ndio unaolilisha shamba?

Tupige hesabu. Tarakimu ni za mfano, ndugu msomaji, weka zako. Ekari moja, maotea 10,000. Baada ya miezi 18 hivi unauza matunda 8,000 kwa Sh. 400 palepale shambani, jumla Sh. 3,200,000. Kusafisha shamba, kununua maotea, kupanda na palizi zimekula Sh. 1,900,000. Faida Sh. 1,300,000. Wengi huishia hapo.

Sasa mtie mwenye shamba katika hesabu. Safari mbili kwa mwezi za kusimamia, kila moja Sh. 25,000, kwa miezi 18 ni Sh. 900,000. Imebaki Sh. 400,000. Ukipoteza kila mwezi siku moja tu ya kazi yenye ujira wa Sh. 60,000, hizo ni Sh. 1,080,000 nyingine. Una hasara ya Sh. 680,000, na mananasi yamezaa vizuri!

Kwa bei zilezile, mpe theluthi ya faida ndugu anayeishi kijijini. Atachukua kama Sh. 433,000. Wewe nenda mara nne tu, siku za Jumamosi, kwa Sh. 100,000. Unabaki na takriban Sh. 767,000. Wapo watakaosema theluthi ni nyingi kwa mdogo wako mwenyewe. Lakini ndugu asiyelipwa hupalilia shamba lake kwanza, na hana kosa. Andikianeni: nani anatoa fedha za palizi, nani anahesabu matunda yanapopakiwa kwenye Fuso, na mnunuzi alipe kwa namba ipi ya simu.

Zao nalo lichaguliwe kwa kipimo hicho. Nyanya hutaka jicho karibu kila siku na huchumwa mara kwa mara. Si zao la mtu wa mbali. Mpunga wa bonde la Ruvu huvumilia kutokuwepo kwako mpaka punje zinapoanza kujaa. Hapo lazima mtu awepo alfajiri hadi jioni kufukuza ndege. Muhogo husubiri ardhini. Nanasi lina sifa ya pekee: kwa dawa ya kulazimisha maua, mkulima huamua mwenyewe mwezi wa kuvuna, kwani kutoka kutia dawa hadi tunda kuiva ni kama miezi mitano au sita. Anayegawa ekari yake vipande vitatu na kuvitia dawa kwa zamu haathiriki sana bei inapoporomoka msimu mkubwa, mwisho wa mwaka. Na likizo yake anaijua mapema.

Pigeni pia ramani ya miezi. Masika, Machi hadi Mei, majani hukua kwa kasi na palizi haingoji. Miezi hiyohiyo wateja wanaofuata mwaka wa fedha wa serikali huharakisha kazi ikabidhiwe kabla ya Juni 30. Mwisho wa kila mwezi pia, mfumo wa mishahara ukigoma, anayetafutwa ni aliyeuandika. Fedha ya palizi ya masika iwekwe kando tangu Januari, na mavuno yasipangwe Juni.

Wapo walioamua kuliacha shamba lipumzike mpaka kazi ipungue, wengine wakingoja bei ya ardhi ipande. Wasome Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999: ardhi ya kimila isiyotumiwa kwa miaka isiyopungua mitano inaweza kuhesabiwa kuwa imetelekezwa. Hati ya hakimiliki ya kimila huanzia ofisi ya kijiji, na wazee wanaoijua mipaka ya shamba waende nawe wangali hai.