Maji ya Rejeta

Gari la baba ni Peugeot 504, lenye umri kunizidi. Miaka mingi tulilitia maji ya kisima tu, na kwa kuwa hayakuvuja tulidhani ni salama. Likizo iliyopita lilichemka mlimani. Fundi akakuta rejeta imezibwa na kutu.

Silinda hedi ya injini ile ni ya alumini, bloku ni ya chuma. Madini mawili katika maji ya chumvi hufanya kama betri, na alumini huliwa. Dawa ya rejeta huzuia hayo, ila nayo huchakaa, hata rangi yake ikibaki nzuri.

Kupima ni hivi. Ngoja injini ipoe kabisa (mfuniko wa moto utakuunguza uso!). Chovya waya mwekundu wa voltimita katika maji, usiguse chuma. Mweusi uguse ncha hasi ya betri. Ikizidi volti 0.4 hivi, badilisha. Yetu ilisoma 0.7. Tuliyakinga yale machafu katika dumu, tukasafisha, tukatia dawa nusu na maji yaliyokenekwa nusu. Dawa hiyo ni tamu lakini ni sumu. Mbwa wetu tulimfunga kwanza.

Tangu hapo voltimita naishika mimi, na baba huniuliza, "Inasema ngapi?"