Somo la leo: CD ya gemu used inunue kama unavyonunua ng'ombe

Wiki hii watu kadhaa wameniandikia swali lile lile: "Kaka, biashara ya gemu used inalipa? Na ni halali kweli?" Nimeona nijibu hapa kwa wote, maana jibu linamhusu pia anayeuza simu used, spika, hata vitabu vya mtumba.

Mimi nipo Babati mjini. Nauza CD za PS4, pedi, na mara mojamoja PS yenyewe, kupitia status ya WhatsApp na Facebook. Sina fremu. Mzigo naupata kwa vijana wa hapa hapa na kwa mtu wangu wa Arusha, unapanda basi naupokea stendi. Wateja wapo Bagara, Maisaka, Magugu, hadi Kondoa.

Naanza na kosa langu, kwa sababu ndilo lililonifundisha.

KOSA LENYEWE

Nikiwa bado mgeni kwenye hii kazi, dogo mmoja alinifuata na CD tatu za PS4. Amevaa sweta, chini yake sare ya shule. Nikamuuliza bei, akasema, "Nipe 40,000 zote." Kichwani nilishapiga hesabu: hizi nikiuza mojamoja sikosi 130,000. Sikuuliza swali la pili. Nilimlipa haraka asije akabadili mawazo. Jioni ile ile moja nikaiuza Kondoa kwa 45,000, nikajiona mjanja.

Siku ya tatu akaja mama yake. CD zilikuwa za kaka mtu, yupo chuo, ameziacha nyumbani. Mama hakupiga kelele. Aliniuliza tu, "Mwanangu, mtoto wa shule akikuletea ndama, akakwambia nipe elfu hamsini, ungempokea?"

Sikuwa na jibu. Huku kwetu Manyara hata anayeanza kununua mifugo anajua kuuliza: huyu ng'ombe ni wa nani, ametoka wapi, nani anamfahamu muuzaji. Kwa CD nilijifanya sijui.

Mbili nilimrudishia mama pale pale. Ya tatu nikampigia mteja wa Kondoa, nikamweleza ukweli wote, nikamrudishia 45,000 yake na 5,000 ya usumbufu, na mzigo kurudi kwa basi ukanila 3,000. Mama alinirudishia 25,000 iliyokuwa imebaki, nyingine dogo alishaila. Jumla nilipoteza 23,000. Mteja wa Kondoa hadi leo ananunua kwangu, lakini hiyo ni huruma yake.

Baadaye nikajua kwamba hata sheria isingenitetea. Kwa Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, mtu wa chini ya miaka 18 hana uwezo wa kuingia mkataba. Kwa Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, asiyekuwa mwenye mali kwa kawaida hawezi kukupa umiliki ambao yeye mwenyewe hana. Na ukipokea mali unayojua imeibwa, hapo unaingia kwenye Kanuni ya Adhabu. Kwa hiyo bei ya kutupa isikufurahishe kabla hujajua kwa nini imetupwa.

Tangu siku hiyo nafanya hivi:

1. ULIZA KABLA YA KUTOA HELA

Maswali matatu: ni yako? uliinunua wapi? kwa nini unauza? Mwanafunzi simlipi mpaka nimeongea na mzazi au mlezi kwa simu. Kila ninachonunua naandika kwenye daftari: tarehe, jina la muuzaji, namba yake, bei. PS naandika na namba yake iliyobandikwa nyuma. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mwizi akiona daftari anakumbuka ghafla kwamba ana safari.

2. MPE MUUZAJI BEI UNAYOWEZA KUMWELEZA

Hapa ndipo wengi tunateleza. Mtu amekwama, ana mgonjwa, anataka hela leo. Unaweza kumpa 15,000 kwa CD utakayouza 45,000 na akachukua. Je, ungeweza kumwonyesha hesabu yako?

Mimi sasa naanzia bei ya kuuza, narudi nyuma. Mfano:

Nitauza: 45,000
Usafiri: 3,000
Makato ya kutuma hela na bando: 1,000
Akiba ya hasara: 3,000
Faida yangu: 8,000
Basi nanunua kwa 30,000.

Akiba ya hasara ni nini? Katika kila CD kumi huwa nategemea moja inifie mikononi. CD ya 30,000 ikifa, hasara yake nimeigawa kwa kumi: 3,000 kila moja. Usipoiweka utadhani unapata faida kumbe unakula mtaji.

Muuzaji akilalamika, namsomea mistari hiyo. Mara nyingi anakubali. Asipokubali namwambia, "Tangaza mwenyewe, ukichoka rudi." Wanaorudi wanaleta na wenzao.

3. JUA GEMU GANI LINAOZA

Gemu za mpira ni kama nyanya. Toleo jipya hutoka kila mwaka karibu na Septemba. FIFA 23 ilitoka Septemba 2022 ikawa ya mwisho kwa jina hilo, mwaka uliofuata ikaja EA Sports FC 24, na kila mwenye toleo la zamani akataka kuliuza siku moja na wenzake. Ukinunua CD ya mpira Julai kwa bei ya juu, umenunua hasara. Nunua kwa bei ya chini, uza ndani ya wiki mbili.

Gemu za hadithi zinakaa. GTA V ilitoka 2013 na bado naulizwa. Hizo ndizo za kuweka ndani.

Ila usijaze kabati. Tangu Novemba 2020 kuna PS5 isiyo na sehemu ya kuweka CD, na PS5 Pro ya 2024 nayo imekuja bila hiyo sehemu, unainunua pembeni. Anayepakua gemu mtandaoni hana CD ya kukuuzia wala haji kununua yako. Soko letu lipo, lakini mlango unasogezwa taratibu.

4. USIMUUZIE MTU MBUZI KWENYE GUNIA

CD ya PS4 igeuze kwenye mwanga. Watu watakwambia mkwaruzo unatoka kwa dawa ya meno. Kwa CD za PS2, ambazo nyingi ni DVD, kusugua kulisaidia kidogo, kwa sababu data imekaa ndani, kama milimita 0.6. PS4 inatumia Blu-ray, data ipo milimita 0.1 tu kutoka juu. Uso wake ni mgumu kukwaruzika, lakini ukikwaruzika kweli, ukisugua unamalizia kuua.

Usipime kwa kuona picha ya mwanzo tu. Acha gemu lijipakie lote mpaka mwisho, maana CD mbovu inaweza kukwama asilimia 90. Nachukua video ya dakika moja, namtumia mteja pamoja na picha ya mkwaruzo wenyewe. Nampa siku tatu: isipocheza, hela inarudi. Anayenunua PS5, muulize kwanza kama yake inaingiza CD.

Ukiuza PS, ondoa akaunti ya mwenye zamani, futa kila kitu mbele yake, kisha ingia mtandaoni uone kama haijafungiwa.

5. USED SIO KOPI, NA AKAUNTI SIO CD

Kuna anayeuza PS iliyochipiwa imejazwa gemu za bure, anaita used. Hiyo ni kopi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inampa mwenye kazi haki ya kunakili, sio wewe. Na kuna anayeuza akaunti yenye gemu ndani. Masharti ya PlayStation hayaruhusu, na mwenye barua pepe ya mwanzo anaweza kuirudisha akaunti usiku mmoja, mteja wako akabaki analia na wewe. Mimi siuzi hivyo vyote viwili.

6. JE, TUNAMWIBIA MTENGENEZAJI?

Hili naulizwa sana. Ni kweli, nikiuza CD used mtengenezaji hapati hata shilingi. Japani watengenezaji walishtaki maduka ya used, na Aprili 2002 Mahakama Kuu ya juu kabisa ya nchi ikasema maduka yaendelee: gemu likishauzwa mara ya kwanza, mtengenezaji hawezi kuzuia lisiuzwe tena. Mwaka 2013 Microsoft walitaka kubana gemu used kwenye Xbox One, wateja wakakasirika, mwezi huo huo wa Juni wakarudi nyuma.

Mimi naona hivi. Kijana anayejua CD yake itauzika tena ndiye anayethubutu kununua mpya. Akiniuzia ya zamani, hela ile inaenda kwenye nyingine. Ni moja ikatoka, moja ikaingia. Kopi ni tofauti: moja inazaa mia, na aliyeitengeneza hajapata kitu.

KWA KUMALIZIA

Inalipa? Inalipa kidogo kidogo, ukiwa na daftari. Ni halali? Ni halali kama aliyekuuzia ndiye mwenye mali na unayemuuzia ameambiwa ukweli wote. Mji wetu ni mdogo, mama wa yule dogo nakutana naye sokoni. Sasa hivi ananisalimia, na mwaka jana alinitumia jirani yake aliyekuwa anauza PS4.

Kazi ya leo: chukua bidhaa moja uliyonunua wiki hii, andika hesabu yako kama ile ya juu. Kisha jiulize kama ungeweza kumsomea aliyekuuzia. Kama huwezi, bei ya kesho irekebishe.