Starfury na Sayansi ya Kugeuka Mahali Pasipo Hewa

Rubani anafukuzwa, adui yuko mgongoni. Badala ya kukata kona, anazima injini kuu, anakigeuza chombo kikatazama kilikotoka, kisha anamfyatulia adui uso kwa uso. Wakati wote huo chombo kinazidi kwenda kulekule kilikokuwa kikienda, ila sasa kinakwenda kinyumenyume, na kasi yake haijapungua hata kidogo. Hivyo ndivyo Starfury, chombo cha kivita, inavyopigana katika Babylon 5, tamthilia ya Marekani iliyobuniwa na J. Michael Straczynski. Filamu yake ya kwanza ilionyeshwa mwaka 1993, na mfululizo wenyewe ukaendelea kuanzia 1994 hadi 1998.

Mtu aliyezoea Star Wars anaweza kudhani huo ni uchawi wa televisheni. Ukweli ni kinyume chake. George Lucas alipotengeneza filamu yake ya 1977, alitumia picha za mapigano ya ndege za Vita Kuu ya Pili kama kielelezo cha vita vyake vya angani, na ndiyo maana X-wing, chombo cha kivita cha filamu hiyo, hulala ubavu ikikata kona kama ndege ya kawaida. Inapendeza machoni, lakini ni mwendo wa mahali penye hewa. Waliosanifu Starfury, Ron Thornton na Steve Burg, walianzia kwenye swali la msingi zaidi: kama hakuna hewa, chombo kinageukaje?

Tuanze na ndege ya hapa duniani. Inapotaka kwenda kushoto hulala upande, bawa likaisukuma hewa kulia, na hewa nayo ikaisukuma ndege kushoto. Kazi yote hiyo inategemea hewa. Iondoe hewa, na bawa linabaki kuwa pambo. Newton alieleza mwaka 1687 kwamba kitu kinachokwenda huendelea kwenda, kwa kasi ileile na katika mstari ulionyooka, mpaka kisukumwe. Alieleza pia kwamba kila msukumo huzaa msukumo wa kurudi, ulio sawa nao. Kwa hiyo chombo kilichoko kwenye utupu kina njia moja tu ya kubadili mwendo: kutupa kitu. Hutupa gesi upande mmoja, nacho kikasogea upande wa pili.

Hapa kuna jambo linalohitaji kukaa vizuri akilini. Kwenye gari, kule linakotazama na kule linakokwenda ni kumoja, kwa sababu matairi yameishika barabara. Angani hakuna kinachokishika chombo. Pua inaweza kutazama kaskazini na chombo kikaenda mashariki siku nzima. Kugeuza pua ni kazi moja, na kubadili njia ni kazi nyingine kabisa, ghali kuliko ya kwanza.

Ghali kiasi gani? Tuseme chombo kinakwenda mita 1,000 kwa sekunde, na injini yake inaweza kubadili mwendo kwa mita 30 kwa sekunde katika kila sekunde moja, yaani takriban mara 3 ya mvutano wa dunia. Rubani anataka kurudi alikotoka kwa kasi ileile. Akikata kona ya nusu duara kama X-wing, injini ikisukuma kuelekea katikati ya duara, duara hilo litakuwa na nusu kipenyo cha kilomita 33, na kona itamchukua kama sekunde 105. Akifanya kama Starfury, yaani akageuza pua nyuma na kuwasha injini moja kwa moja, atasimama baada ya sekunde 33 na theluthi, na nyingine kama hizo zitamrudishia kasi yake. Jumla ni sekunde 67 hivi. Kona ile ya kupendeza inakula muda na mafuta zaidi kwa asilimia 57, na hakuna ufundi wa rubani utakaolibadili hilo.

Sasa tulitazame umbo lenyewe. Starfury ina mikono minne iliyotawanyika kwa umbo la X, na mwishoni mwa kila mkono kuna injini. Kila injini ina midomo ya kutolea gesi inayotazama nyuma, mbele na pembeni. Kwa nini injini ziwekwe mbali hivyo? Fundi gari anayekutana na nati iliyokaza huchomeka bomba kwenye mpini wa spana, na nati iliyomshinda inalegea kwa nguvu zilezile za mkono wake. Nguvu ikisukuma mbali na kitovu huzungusha zaidi kuliko ikisukuma karibu.

Maelezo mengi juu ya chombo hiki huishia hapo, na mimi naona yanaishia nusu ya njia. Injini nazo zina uzito, na kitu kizito kilicho mbali na kitovu ni kigumu kukizungusha. Faida ya mkono mrefu hukua sambamba na urefu: mkono ukiwa mara 2, uwezo wa kuzungusha nao unakuwa mara 2. Lakini ugumu wa kuzungusha injini hukua kwa mraba wa urefu, kwa hiyo unakuwa mara 4. Kuna mahali ambapo hasara inaipita faida.

Tupige hesabu kwa chombo cha kufikirika. Kiwiliwili chake peke yake kina ugumu wa kuzungushwa wa 100,000, kwa kipimo cha kilo mara mita za mraba, na injini 4 zina jumla ya kilo 4,000. Injini zikiwa mita 2 kutoka kitovuni, chombo kinageuka polepole. Zikiwa mita 5, kinageuka kwa wepesi ulioongezeka karibu nusu. Zikiwa mita 10, wepesi unashuka tena. Urefu bora ni ule ambapo ugumu unaoletwa na injini unalingana na ugumu wa kiwiliwili, na hapa ni mita 5 barabara. Mikono ya Starfury si mirefu kupita kiasi, na naamini macho ya wasanifu yaliwaongoza vizuri.

Kuanza kuzunguka ni nusu ya kazi. Kwenye utupu hakuna cha kukisimamisha chombo, hivyo rubani lazima asukume tena upande wa pili, kwa kiasi kilekile. Wanaanga Neil Armstrong na David Scott walilijua hilo Machi 1966 ndani ya chombo cha Gemini 8. Roketi ndogo moja ilikwama ikiwa wazi, na chombo kikaanza kuzunguka kikiwa kimeungana na kingine kiitwacho Agena. Wakadhani kosa ni la Agena, wakajitenga nacho. Mzunguko ukazidi hadi karibu duru moja kwa sekunde. Sababu ni hesabu ileile ya hapo juu: msukumo haukubadilika, ila kitu kinachozungushwa kilikuwa kimepungua uzito na urefu. Armstrong alikisimamisha kwa kutumia roketi zilizowekwa kwa ajili ya kurudi duniani.

Rubani wa Starfury husimama, na yuko karibu na kitovu cha chombo. Yote mawili yana maana. Chombo kikigeuka ghafla, aliye kitovuni hahisi sana, wakati aliyeketi mita 6 mbele angeweza kusukumwa kwa zaidi ya mara 2 ya uzito wake katika mgeuko wa duru moja kwa sekunde 3. Nako kusimama mgongo ukielekea injini humfanya asukumwe kutoka mgongoni kwenda kifuani, mkao ambao mwili huustahimili vizuri kwa kuwa damu haikimbilii miguuni. Chombo cha Apollo cha kutua Mwezini nacho kiliendeshwa kwa kusimama, ila kwa sababu nyingine: viti viliondolewa ili kupunguza uzito, na rubani akasogea karibu na dirisha, likaweza kufanywa dogo. Nacho kilikuwa na roketi ndogo 16, zimepangwa nne nne kwenye pembe zake.

Upungufu wa Starfury uko kwenye mafuta. Mwanasayansi Konstantin Tsiolkovsky alichapisha mwaka 1903 hesabu inayotuambia chombo kinahitaji kutupa kiasi gani ili kubadili mwendo. Roketi bora za hidrojeni na oksijeni hutupa gesi kwa takriban mita 4,500 kwa sekunde. Kwa gesi hiyo, ule mgeuko wa sekunde 67 ungemeza asilimia 36 ya uzito wote wa chombo. Cha tani 20 kingetupa zaidi ya tani 7 kwa kugeuka mara moja tu, na kwa kona ya X-wing kingetupa nusu ya uzito wake. Hivyo Starfury inahitaji injini ambayo bado hatuna, inayotupa vitu kwa kasi kubwa mno. Umbo lake ni sahihi, lakini tangi lake ni la hadithi.

Ukitazama tena filamu ya angani, usihangaike na milipuko. Angalia injini zinatazama wapi chombo kinapokaribia mwisho wa safari. Apollo 11 ilipofika Mwezini Julai 1969, ilitanguliza injini mbele na kuiwasha kwa karibu dakika 6 ili ipunguze mwendo. Bila hivyo ingepitiliza.