Mashine ya Presha kwa Mzazi: Ya Kufanya na ya Kutofanya

Watoto wengi walio mjini humnunulia mzazi mashine ya presha, wakamtumia kijijini, kisha wakaomba picha ya namba kila siku kwa WhatsApp. Nia ni njema. Lakini namba iliyopimwa vibaya, au isiyomfikia mtu wa kuchukua hatua, haimlindi mzazi na kiharusi.

Kabla ya kununua, jua nani atazisoma namba hizo. Zungumza na daktari au nesi wa kliniki anayemhudumia: atumiwe namba lini, ipi ni ya kumpigia simu siku hiyo hiyo, na mzee akizidiwa usiku apelekwe wapi. Kundi la WhatsApp la ukoo si kliniki. Humo mzazi atapata pole nyingi, na dozi itabaki ile ile.

Nunua mashine ya kufungwa juu ya kiwiko, si ya kifundo cha mkono. Pima kwanza unene wa mkono wake kwa tepu. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene huonyesha presha kubwa kuliko iliyopo, na mtu huongezewa dawa asizozihitaji.

Usiamini programu inayodai kupima presha kwa kidole kwenye kamera ya simu. Mwaka 2016 watafiti wa Johns Hopkins, Marekani, walichapisha matokeo ya kupima programu moja ya simu iliyokuwa imenunuliwa na watu wengi. Kati ya waliokuwa na presha ya juu, karibu wanane katika kila kumi waliambiwa wako sawa.

Mpime akiwa ametulia. Aende haja ndogo kwanza, na nusu saa kabla asinywe kahawa wala kuvuta sigara. Akae dakika 5 kwenye kiti chenye egemeo, nyayo chini, miguu bila kukunjana, mkono ukiwa mezani usawa wa moyo. Asiongee, nanyi msimsemeshe. Pimeni mara mbili kwa kupumzika dakika 1 katikati, asubuhi kabla ya dawa na jioni, kwa siku 7 kabla ya kwenda kliniki.

Msichague namba. Hili nalisisitiza kuliko yote. Wazazi wetu hawapendi kuwatia watoto hofu: hupima mpaka ipatikane namba nzuri, wakatuma hiyo. Daktari akiona namba nzuri haongezi dawa, na mishipa inaendelea kuumia kimyakimya. Usimgombeze mzazi, mweleze kwa upole, kisha anayemtunza anakili kila kipimo kutoka kwenye kumbukumbu ya mashine. Kwa vipimo vya nyumbani, wastani wa 135/85 na kuendelea tayari ni presha ya juu.

Asiache dawa kwa kuwa namba zimeshuka. Dawa ndiyo iliyozishusha.

Usitume ujumbe pale inapotakiwa gari. Namba ikifika 180/120 pamoja na maumivu ya kifua, kukosa pumzi, mdomo kupinda, ulimi kuwa mzito au upande mmoja kulegea, mpelekeni hospitali papo hapo. Dalili za kiharusi zikitokea, msingoje hata kupima. Kama hana dalili yoyote, atulie, apimwe tena, kisha mpigieni daktari.

Kama mmemnunulia pia kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni, nacho kisiaminiwe peke yake. Piko, rangi ya kucha na vidole vya baridi hukipotosha. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2020 ulionyesha kwamba kiliwakosa wagonjwa weusi wenye upungufu wa oksijeni karibu mara tatu zaidi ya weupe. Kikisoma 95 huku mama anahema kwa shida, mwamini mama.

Muulize mzazi nani aone vipimo vyake. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019, Tanzania tangu 2022, na afya ya mtu imo humo.

Siku ya kliniki aende na mashine yenyewe, ipimwe sambamba na ya hapo. Zikitofautiana sana, acheni kuitumia hadi nesi aseme tatizo ni mkanda, betri au mashine.