SOMO LA UFUNDI: BAMBA KUBWA, EKSITATERI GANI?



Katika shule nyingi darasa moja liko na wanafunzi 60 ao zaidi. Mwalimu anasoma diktee mbele, na yule anayeketi kwenye banki ya mwisho anaandika "kukata" fasi ya "kupata". Wanamwita mvivu, kumbe konsonanti haikumfikia. Juu ya jambo hili watu wanatafuta kipaza sauti, na kwa kuwa bafle ya duka iko bei kali, mafundi wanajitengenezea vipaza sauti vya bamba bapa. Wanachukua bamba la tripleksi ao la frigoliti (ile kitu nyeupe, nyepesi, inayozunguka televizyo mpya ndani ya karto), wanabandika nyuma yake eksitateri moja, wanaunga nyaya kwenye ampli, na bamba zima linasema.

Kazi hii haishindi mwanafunzi. Lakini kuko wazo moja linalopoteza franka nyingi: "Bamba kubwa, eksitateri kubwa, bamba dogo, eksitateri ndogo." Mtu anapima urefu na upana, kisha anakimbia kununua. Leo tutajifunza kwamba urefu na upana vinajibu ulizo moja, na eksitateri inajibu ulizo lingine.

1. Eksitateri ni nini?

Mufungue kipaza sauti cha radio ya zamani. Ndani kuko sumaku, bobini (waya mwembamba uliozungushwa), na karatasi yenye umbo la mbiu. Umeme ukipita ndani ya bobini, bobini inasukumwa na sumaku, mbele na nyuma, na karatasi inatikisa hewa.

Eksitateri ni sumaku na bobini tu, bila karatasi. Bobini inabandikwa kwenye bamba. Sumaku ni nzito kuliko bobini, basi uzito wake unakuwa kama mguu wa kujikaza, na bobini inasukuma bamba. Mawimbi yanatoka pale, yanakimbia ndani ya bamba, yanafika kwenye kando na kurudi. Bamba haliendi mbele na nyuma kwa pamoja kama karatasi ya radio. Linapindana kidogo kidogo, fasi hii inapanda, fasi ile inashuka. Tangu miaka ya 1990 kampuni NXT ya Uingereza ilieneza sana namna hii ya vipaza sauti.

2. Ukubwa wa bamba unaamua nini?

Unaamua sauti za chini. Kila bamba liko na sauti yake ya kwanza, ya chini kuliko zote, na chini ya ile halisaidii kitu. Kanuni ni hii: kama unene na aina ya bamba havibadiliki, mukizidisha urefu mara 2 na upana mara 2, sauti ya kwanza inashuka mpaka robo.

Mfano. Tuseme bamba la sm 30 kwa 21 liko na sauti ya kwanza ya Hz 160. Bamba la sm 60 kwa 42, la tripleksi ile ile, litakuwa na Hz 160 : 4 = Hz 40.

Lakini musifurahi haraka. Karibu na sauti ya kwanza, sauti zingine za bamba ziko mbalimbali kama nyumba za kijiji chenye watu wachache. Bamba linaanza kusema sawasawa juu zaidi, pale sauti zake zinapokaribiana. Tena, nyuma ya bamba hewa inakwenda kinyume cha hewa ya mbele, na kwa sauti za chini hewa mbili zile zinakutana kandokando na kuuana.

Sasa mujiulize: tunataka bamba lifanye kazi gani? Kwa miaka mingi simu ilipitisha sauti za Hz 300 mpaka 3400 tu, na watu walisikilizana. Kwa mwalimu anayesoma diktee, bamba la sm 56 kwa 40 linatosha. Gitare ya besi ni jambo lingine: waya wake wa chini unalia kwa Hz 41. Mwenye kutaka besi atumie bafle ya sanduku, na asilaumu bamba.

3. Ni nini inayoamua nguvu ya eksitateri?

Ni uzito na ugumu wa bamba. Wanafunzi wa fizika waandike kanuni hii kwenye kayee:

Z = 8 × √(B × m)

Z ni namna bamba linavyopinga kusukumwa fasi moja. B ni ugumu wake wa kupindwa. m ni uzito wa metre moja ya mraba. Muangalie vizuri: urefu haumo, upana haumo! Eksitateri ikisukuma katikati ya bamba pana, kwa wastani haijui kando iko wapi. Inasikia tu ugumu na uzito wa pale inapobandikwa.

Unene, hata hivyo, umejificha ndani. Bamba likinenepa mara 2, m inakuwa mara 2, na B inakuwa mara 8 (2 × 2 × 2). Basi √(8 × 2) = √16 = 4. Bamba linapinga mara 4. Kwa msukumo ule ule litatikisika robo tu. Ili kurudisha mtikisiko wa kwanza, bobini inaomba kura ya umeme mara 4, na wati zinapanda kama mraba wa kura: 4 × 4 = 16. Aliyetumia wati 5 kwa tripleksi ya mm 4 ataomba wati 80 kwa tripleksi ya mm 8. Bobini ndogo itaungua.

Tulinganishe sasa mabamba mawili ya sm 56 kwa 40:

a) Tripleksi ya mm 4, yenye gramu 0.6 kwa sm³:
56 × 40 × 0.4 = sm³ 896; mara 0.6 = gramu 538 hivi.

b) Frigoliti ya sm 2, yenye gramu 0.02 kwa sm³:
56 × 40 × 2 = sm³ 4480; mara 0.02 = gramu 90 hivi.

Ukubwa ni mmoja, lakini la kwanza linashinda la pili kwa uzito karibu mara 6, na kwa ugumu vilevile. Eksitateri moja ndogo itafanya frigoliti kupiga kelele. Ile ile juu ya tripleksi itasikilika kwa upole. Ndiyo sababu mtu anayenunua kwa kupima urefu na upana tu anadanganyika.

4. Wati zilizoandikwa

Kwenye eksitateri kumeandikwa wati 10, 20 ao 40. Wengi wanafikiri ile ni kipimo cha kelele. Hapana. Ni kipimo cha moto ambao bobini inaweza kuvumilia. Kama bamba ni zito, mtu anafungua ampli zaidi na zaidi, na umeme mwingi unageuka kuwa moto ndani ya bobini. Mukisikia harufu ya kuungua, muda umekwisha pita.

Dawa ya kwanza ni bamba jepesi zaidi. Dawa ya pili ni eksitateri mbili juu ya bamba moja, zigawane kazi. Hapo mupime omu. Eksitateri mbili za omu 8 zikiungwa sambamba zinatoa omu 4. Mbili za omu 4 zikiungwa sambamba zinatoa omu 2, na ampli nyingi zitakufa. Hizi muziunge kwa kufuatana: 4 + 4 = omu 8. Tena muangalie alama + na −, zote mbili zisukume upande mmoja.

5. Upana wa bobini

Mkubwa si mwema sikuzote. Eksitateri nyingi za duka ziko na bobini ya mm 25. Nyingine iko na mm 50. Ndani ya bamba laini na jembamba, mawimbi ya sauti za juu ni mafupi sana. Yakiwa mafupi hata kuenea ndani ya duara la bobini, upande mmoja wa duara unasukuma kilima na upande mwingine unasukuma bonde, na sauti inapotea.

Sauti zinazopotea namna hii ni zile za juu, na pale ndipo penye konsonanti: s, t, k, f. Vokali zitafika mpaka banki ya mwisho kwa nguvu, lakini "kupata" na "kukata" zitabaki sawasawa! Basi, kwa frigoliti nyembamba mutumie bobini ndogo. Bobini pana iko fasi yake juu ya bamba nene na gumu.

6. Umbo la bamba, na fasi ya kubandika

Bamba la mraba kamili si zuri, kwa sababu sauti za urefu na za upana zinaangukiana. Umbo moja linalojulikana kuwa jema ni urefu mara 1.41 ya upana, yaani umbo la karatasi A4. Upana wa sm 40 unaomba urefu wa sm 56.

Musibandike katikati kabisa. Sauti nyingi za bamba ziko na mstari wa kimya unaopita pale katikati, na eksitateri haiwezi kuziamsha. Mujaribu 4/9 ya urefu na 3/7 ya upana. Kwa bamba letu: 4/9 ya 56 ni sm 25 hivi, 3/7 ya 40 ni sm 17 hivi.

Mwenye kutia shaka afanye jaribio la Chladni, mwalimu Mdachi aliyelitangaza kwa kitabu mwaka 1787. Mulaze tripleksi juu ya vipande vinne vya eponji, mumwage mchanga mwembamba mkavu, mutume sauti moja isiyobadilika. Mchanga utakimbia fasi zinazotikisika na kujipanga kwenye mistari ya kimya. Mubadilishe sauti, na mistari itabadilika. Hapo mutaona kwa macho kwa nini fasi ya eksitateri iko na maana.

7. Mpango mzima kwa darasa moja

– Kazi: sauti ya mwalimu.
– Bamba: frigoliti ya sm 2, ngumu, sm 56 kwa 40.
– Eksitateri: moja, bobini mm 25, omu 8.
– Kinga: kondansateri ya mikrofaradi 100, ya aina isiyo na + wala −, iungwe kwa kufuatana na eksitateri. Inapunguza sauti zilizo chini ya Hz 200, ambazo zinachosha bobini bure.
– Kutundika: kamba mbili juu, mbali kidogo na ukuta, bamba likiwa huru. Mutie kamba ya tatu ya usalama kama liko juu ya vichwa vya watu.
– Kuanza: ampli chini kabisa, kisha kupanda polepole. Mtu asimame kwenye banki ya mwisho na kuandika maneno 20 yanayofanana: pata, kata, tata; saa, taa, kaa. Hesabu ya makosa yake ndiyo itahukumu bamba.

8. Kama hamna eksitateri ya duka

Kipaza sauti kilichopasuka karatasi kinaweza kusaidia, kama bobini yake ni nzima. Mukate karatasi yote kando kwa kando, mubakishe bobini na kile kitambaa cha njano kinachoishika katikati. Mukinge ule mwanya wa sumaku kwa skoche. Kipande kidogo cha chuma kikiingia, bobini itakwaruza siku zote. Mubandike duara la bobini kwenye bamba. Sumaku ya namna hii ni nzito, basi ishikwe na mti uliowekwa nyuma ya bamba. Isipofanyika hivi, bobini itainama na kukwama.

ANGALIENI: kole yenye harufu kali ya vulkanizeri inakula frigoliti kama maji yanavyokula sukari. Mutumie kole nyeupe ya mbao. Tena frigoliti inawaka haraka na moshi wake ni mbaya. Iwe mbali na taa ya petroli na mishumaa.

MAZOEZI

1. Bamba la sm 20 kwa 28 liko na sauti ya kwanza ya Hz 200. La sm 40 kwa 56, la aina na unene ule ule, litakuwa na ngapi?
2. Fundi anatoka tripleksi ya mm 3 kwenda mm 6. Alitumia wati 2. Ataomba ngapi kwa mtikisiko ule ule?
3. Muko na eksitateri nne za omu 4, na ampli isiyotaka chini ya omu 4. Mutaziunga namna gani?

Majibu: 1) Hz 50. 2) Wati 32. 3) Mbili mbili kwa kufuatana (omu 8 na omu 8), kisha jozi mbili sambamba: omu 4.

Basi, kabla ya kutoa franka, mujiulize kwa utaratibu huu: Kazi gani? Bamba la nini, na uzito gani? Ukubwa gani? Mwisho kabisa: eksitateri gani? Anayegeuza utaratibu huu atanunua mara mbili.